Neno la Mjomba

Newala,
1 Julai 2024

Mdogo wangu mpendwa Agatha,

Marahaba, maana najua kabla hujafika mstari wa pili umeshaniamkia. Sisi wazima. Baridi tu ndiyo imetukalia mwaka huu. Ukungu haunyanyuki kwenye mikorosho mpaka jua lipande sana, na vijana wanaopuliza salfa wanarudi mjini wakiwa manjano mpaka kope.

Wifi yako Selestina yuko Mtwara kumhudumia mke wa mwanetu, amejifungua mtoto wa kike. Simu ameondoka nayo. Nami na simu hatujawahi kupatana, unajua, ile sauti yake inanikwaruza. Kwa hiyo ukiwa na neno liandike, umpe Petro konda. Basi lake linageuzia hapa kila siku na kijana mwenyewe mwaminifu.

Jumamosi nilipata mnadani sweta la mtumba, la mtu mnene wa huko Ulaya, rangi ya maziwa, halina hata tundu. Muuzaji alidhani nitalivaa. Nimelifumua lote, nikaufua uzi wake, nikautundika na mawe yaukomeshe ukaidi wake, na sasa nauzungusha madonge. Nataka kumfumia mwanao Oliva shali la harusi. Usiniambie kwamba Masasi kuna joto. Si anaolewa na bwana misitu aliyepangiwa kazi Njombe? Huko nasikia alfajiri nyasi zinaganda.

Umeandika kwamba wakwe wanakuja na posa. Marehemu shemeji Yeremia hayupo, na hata angekuwepo, kwetu mtoto ana mjomba. Nitakuja na suti yangu. Nitakuja pia na kazi ya mkono, niwe nafuma huku wazee wanazungumza. Siku hizi kwenye vikao nisiposhika kitu nachoka upesi.

Kakako,
Ladislaus


Masasi,
8 Julai 2024

Kaka yangu,

Shikamoo. Hongera ya mjukuu! Mwambie wifi asisahau kumfunga mtoto kitambaa kichwani, hata kama Mtwara ni joto.

Wageni wanakuja Jumamosi ya tarehe 20, saa nne asubuhi. Ataongoza Mzee Dastani mwenyewe, baba yake Cecil, pamoja na mshenga na shangazi wawili. Wanatoka Lupaso. Mzee huyu alikuwa mwalimu mkuu, watu wanasema hata nyumbani kwake kuku hawavuki uwanja bila ruhusa. Kijana wake lakini ni mpole, Oliva anampenda, nami nimempenda.

Sasa nina ombi, usilichukue vibaya. Sindano zako ziache Newala. Sebule yangu unaijua, ukipanua viwiko utamchoma mtu. Halafu hawa ni watu wa taratibu. Wamkute mwenye neno la mwisho anafuma kama mama anayengoja kujifungua, watasema nini? Mama yetu Ethel alitufundisha sote wawili, mimi nikakimbia, wewe ukabaki, na nyumbani hakuna anayekushangaa. Lakini wageni ni wageni.

Ni mimi ninayeomba, <u>si mtu mwingine</u>.

Mdogo wako,
Agatha


Newala,
12 Julai 2024

Agatha,

Nimekuelewa. Sindano zitabaki hapa.

Umeandika "si mtu mwingine" na ukapigia mstari. Huyo mtu mwingine mwambie mjomba wake hana kinyongo.

Nami nina maombi mawili. Wageni uwaketishe wakiangalia dirisha, mwanga uwapige usoni. Na wewe uje ukae karibu yangu, jikoni waachie majirani. Ni hayo tu.

Ladislaus


Newala,
20 Julai 2024, jioni

Mdogo wangu mpendwa,

Nimefika salama, na kabla sijavua suti nakuandikia, kwa sababu moyo umejaa.

Sijapata kuona posa iliyokwenda laini namna ile. Wewe pilau lilikushika jikoni, kwa hiyo acha nikusimulie. Wageni walikaa wakiupa mgongo dirisha, sikutaka kuwahamisha watu wazima. Mzee Dastani ni mtu wa heshima. Ana masharubu mazito kama ufagio wa chelewa. Alizungumza kirefu, mshenga akaitikia, wale shangazi wakapiga vigelegele kidogo, nikaona kila kitu kinakwenda mahali pake. Mwishoni mzee akanigeukia, akaniuliza. Nikamjibu kwa sauti ya mjomba, "Ndiyo. Ndiyo kabisa!" Akaniuliza tena, nikarudia, nikatabasamu ajue nimeridhika. Basi wakasimama wote. Nikawashika mikono mmoja mmoja, nikawaambia, "Karibuni tena."

Hata chakula hawakungoja, nadhani walikuwa na safari. Nilipokuja kukuaga nikakukuta umejifunika khanga unalia. Nikaona nisikusumbue. Machozi ya mama anayeozesha hayana dawa, na basi lilikuwa linawasha injini.

Mpe Oliva mkono wangu wa heri. Kesho naanza shali.

Kakako mwenye furaha,
Ladislaus


Masasi,
20 Julai 2024

Kaka,

Leo sikuamkii.

Mshenga amenieleza neno kwa neno. Mzee Dastani alikuuliza mbele ya watu, "Mjomba, kabla hatujaweka posa mezani, una neno lolote la kuizuia ndoa hii?" Ukasema, "Ndiyo. Ndiyo kabisa." Akadhani amekosea kusikia, akakuuliza, "Neno la kuzuia, unalo?" Ukasema tena ndiyo, na ukamchekea usoni. Watu walipoinuka kwa aibu, wewe ukawafuata mpaka mlangoni na "karibuni tena" zako!

Posa imerudi Lupaso. Mzee amesema hajawahi kudhihakiwa hivyo tangu azaliwe. Pilau nimegawia majirani, nao wamekula huku wakiniangalia kama nimefiwa. Oliva amejifungia chumbani na mlango haufungui.

Kama una neno juu ya Cecil, kwa nini hukuniambia mimi, dada yako? Na kama ni hasira ya zile sindano, kaka, mimi nilikuomba kwa adabu. Mtoto wa watu ana kosa gani?

Agatha


Masasi,
29 Julai 2024

Kaka,

Petro ameniapia kwamba barua yangu alikupa mkononi. Anasema uliisoma umesimama stendi, halafu ukaketi juu ya gunia la mtu, na mwenye gunia akakuacha tu ukae.

Barua yako ya furaha nayo nimeipata. Mwanzo nilitaka kuichana, nikasema huyu sasa ananicheza shere. Oliva akaninyang'anya. Ameisoma, ameketi nayo, kisha akasema, "Mama, mjomba haongopi. Hajui alichosema."

Mtu anawezaje kutojua alichosema? Nijibu, hata kwa ukali. Kimya chako kinanitisha kuliko lile neno.

Agatha


Newala,
3 Agosti 2024

Mpwa wangu Oliva,

Barua hii nimempa Petro akufikishie Chiungutwa, shuleni unakofundisha, isipitie kwa mama yako. Naandika kwako kwanza kwa sababu wewe ndiye uliyeumia, na kwa sababu, kama mama yako alivyokupigania kwangu, wewe nawe umenipigania kwake.

Sikumsikia Mzee Dastani. Si kwamba sikumsikia vizuri. Sikumsikia kabisa.

Lilianza sikio la kushoto, miaka kadhaa sasa. Nikadhani ni nta. Kisha la kulia likafuata polepole, kama mtu anayeondoka kwenye sherehe bila kuaga. Sasa nikiwa na mtu mmoja mbele yangu, kwenye mwanga, akisema taratibu, nasoma midomo na napata mengi. Wakiwa wengi ni upepo tu. Na yule mzee, mwanangu, masharubu yake yamefunika mdomo wote. Nilikuwa nasoma kichaka.

Selestina ndiye masikio yangu. Kwenye vikao huketi nyuma yangu. Akinigusa bega la kulia, nakubali. La kushoto, nakataa. Siku ile alikuwa Mtwara. Nilimwomba mama yako akae karibu yangu, lakini sikumwambia sababu, naye angejuaje? Hivyo nikafanya ninavyofanya nikiwa peke yangu: wakicheka nacheka, na mtu akimaliza kusema akanitazama, nasema, "Ndiyo kabisa." Mara nyingi inatosha. Watu wengi hawaulizi, wanataka kukubaliwa tu.

Na zile sindano. Nikifuma, watu husema, "Mwacheni, anahesabu vitanzi," na hawanisemeshi. Naweza kukaa katikati yao, nikaona nyuso zao, nikafurahi nao, bila kuogopa kuulizwa. Nikiwa na sindano mimi ni mtu mwenye shughuli zake. Nisipokuwa nazo mimi ni kiziwi.

Nilificha kwa sababu nilijua itakavyokuwa. Mjomba asiyesikia huketishwa pembeni na kuletewa sahani kwanza. Na mama yako angeniombea kanisani kwa sauti.

Cecil sina neno juu yake hata moja. Nampenda tangu alipokuja kunisalimia akainama kunitazama usoni. Labda hakujua ni zawadi.

Mjomba wako,
Ladislaus


Chiungutwa,
7 Agosti 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo.

Nilisoma barua yako nikiwa zamu ya mchana, darasani wanafunzi wananakili ubaoni. Ilibidi nitoke nje.

Yule mtu mwingine ni mimi, umeshajua. Kwenye sherehe ya sendofu ya Isabela, kabla hajaolewa, wenzangu walikupiga picha ukiwa na donge la uzi mapajani, wakazirusha kwenye kundi letu la simu na maneno ya kucheka. Nikacheka nao. Nikamwambia mama, "Mjomba asije na vile vitu siku yangu." Ningejua kwamba ndivyo vinavyokufanya ukae na sisi, ningekuletea uzi mwenyewe.

Mama sijamwonyesha barua. Ananiuliza, "Petro amekuletea nini?" nami nasema ni habari za shule. Cecil anapiga simu kila jioni: "Oliva, mjomba ameona nini kwangu?" Nanyamaza, na yeye anasikia huo unyamavu kama jibu. Baba yake amesema hatarudi Masasi mpaka mjomba mwenyewe aseme neno lake ni lipi.

Mjomba, siri ni yako. Sitaitoa hata nikilazimishwa. Ukitaka tuiache, tutatafuta njia nyingine, na kama hakuna njia basi tutangoja. Lakini usikae tena peke yako huko ukidhani tumekuchukia.

Mpwa wako,
Oliva


Newala,
19 Agosti 2024

Mdogo wangu Agatha,

Nimetoka Lupaso. Keti kwanza.

Mimi ni kiziwi, Agatha. Barua niliyomwandikia Oliva ameiweka, mwambie akuonyeshe, sababu zote zimo. Usimgombeze kwa kukuficha. Alikuwa analinda kitu changu.

Selestina amerudi kutoka Mtwara juzi. Nilimpa barua yako aisome. Aliweka mizigo chini, akanitazama, akasema polepole nimwone, "Kesho tunakwenda Lupaso. Na mimi sitakugusa bega lolote." Nilidhani anatania. Njiani kote nikamshawishi, hakukubali.

Mzee Dastani tulimkuta anapalilia chini ya mikorosho yake. Alipotuona akavaa shati kwanza, akafunga vifungo vyote, ndipo akatukaribisha. Hata maji ya kunywa hakutupa. Nikamwambia kabla hatujakaa, "Mwalimu, mimi sisikii."

Akasema kitu. Nikamwambia, "Hata hilo sijalisikia. Masharubu yako yamefunga mlango."

Selestina akatazama chini. Nikajua sasa nimeharibu kabisa. Mzee akashika masharubu kwa vidole viwili, akayainua juu, meno yote nje, kama mtu anayeonyesha meno ya ng'ombe mnadani. Akasema, "Na sasa?"

Nikamwambia, "Sasa nakuona."

"Siku ile hukusikia nilichouliza?"

"Nilidhani unaniuliza kama nimekubali."

"Mimi nilidhani umenicheka."

"Nilikuchekea, sikukucheka."

Akaachia masharubu, akageuka, akatembea mpaka kwenye mkorosho wa mbali na kurudi. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Akasema jambo, masharubu yakiwa chini, na baadaye Selestina ndiye aliyenitafsiria: mzee alikuwa na kaka yake aliyekuwa hasikii, na huyo kaka nyumbani walikuwa wakimfokea kama mkaidi, naye Dastani akiwemo, mpaka akahamia Mnyambe akaishi peke yake. Sikumuuliza zaidi.

Kisha akaanza kunisemesha kwa sauti kubwa. Alipiga kelele, Agatha! Majirani walitoka majumbani wakidhani tunapigana. Nikamwambia, "Mwalimu, sauti haisaidii. Sema taratibu tu." Basi mbele ya Lupaso nzima, akiwa ameinua masharubu, akaniuliza, "Mjomba wa Oliva, una neno la kuizuia ndoa hii?"

Nilingoja mpaka nihakikishe amemaliza. Nikajibu, "Sina. Sina hata moja."

Ndipo tukapewa maji. Halafu ugali wa muhogo na kisamvu, halafu ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, na kuku aliyekuwa anavuka uwanja bila ruhusa.

Watarudi na posa Jumamosi hii; mimi neno langu nimeshalitoa, na mzee anasema linatosha. Sasa unajua kwa nini nilitaka waangalie dirisha.

Kakako,
Ladislaus


Masasi,
25 Agosti 2024

Kaka yangu, kaka yangu,

Shikamoo. Shikamoo na ile ya tarehe 20 niliyokunyima.

Barua zote mbili nimesoma, nimezilaza chini ya mto. Miaka hii yote nakuita ukiwa uani unanipa mgongo, nikasema kaka amepata majivuno tangu mwanawe aajiriwe Mtwara. Nikawaambia na watu. Sasa inanibidi niende nyumba kwa nyumba kuwakanushia, na unajua ninavyochukia kutembea kwenye jua la Masasi.

Jana wamekuja. Nilitaka ungekuwepo, lakini ulisema neno lako umeshalitoa Lupaso na mzee amesema linatosha. Mshenga alinisomea mbele ya watu, "Mjomba hana kizuizi," na shangazi mmoja akadakia, "Tumesikia, Lupaso yote imesikia!" Tumecheka mpaka pilau likaungua chini. Safari hii limeliwa hivyo hivyo.

Ndoa itakuwa Jumamosi ya tarehe 28 Septemba. Kuna jambo nilikuwa nisikuambie, lakini mimi si mtu wa kushika jambo: Mzee Dastani amenyoa. Mdomo wote uko nje. Mkewe anasema amelala naye miaka yote hiyo na hakujua ana kidoti juu ya mdomo.

Njoo na sindano zako zote. Njoo na za akiba. Oliva ameshapanga utakapokaa kanisani, kiti cha mbele upande wa kushoto, na hataki kuambiwa na mtu yeyote kwa nini hapo na si kwingine. Na mimi nitakaa nyuma yako pamoja na wifi. Tumegawana mabega.

Kanisani sikukuombea kwa sauti. Nimekuombea kimya, na ilinishinda kidogo.

Mdogo wako,
Agatha


Newala,
12 Oktoba 2024

Mpwa wangu Oliva, mke wa Cecil,

Marahaba mama. Tumepata salamu kwamba mmefika Njombe na kwamba siku ya kwanza ulilala na soksi jozi mbili. Shali lifunge kifuani, usilibebe begani kama pambo. Huko si Masasi.

Huku korosho zimeanza kudondoka. Mabibo yamelala chini, nyuki wameyafunika, na Selestina ananifokea kwamba naokota taratibu. Namwona vizuri sana anaponifokea. Mama yako alikuja Jumapili akakaa siku mbili. Amejifunza kusema akiwa mbele yangu, lakini hajajifunza kusema taratibu. Nimemwambia midomo yake inakwenda kama cherehani. Usiku aliomba sindano, akasema anataka tu kushika. Alifuma mistari mitatu yenye matundu, akaitupa, akasema mama Ethel alikuwa na haki ya kumkimbiza. Sasa ameondoka na donge langu moja la uzi na anadhani sikuona.

Kuna jambo sikukuambia siku ya harusi, watu walikuwa wengi na wewe ulikuwa wa kila mtu.

Kanisani sikusikia kwaya. Niliiona, na ngoma niliipata kidogo kwenye mbao za kiti. Misa yote nilifuma, kama ulivyotaka, na Mzee Dastani kwenye kiti cha pili alinishikia donge lisiviringike. Ulipofika wakati wenyewe nikaweka kazi chini. Padre alikuwa amenipa ubavu, sikumwona mdomo. Nilijua tu kwamba anakuuliza, kwa jinsi Cecil alivyoacha kupumua.

Kisha wewe ukanyamaza. Watu wakaanza kutazamana, mama yako akanishika bega, na sikujua ni bega la nini, maana hata yeye hakujua. Nadhani wengi walifikiri umeogopa. Wewe ukamshika Cecil mkono, ukageuza uso wako kwangu, ukainua shela mpaka juu ya pua, ukangoja nikutazame. Ndipo ukasema.

Nakubali.

Niliona midomo inakutana, inaachana, na kidevu kikitetemeka mwishoni. Selestina ameniambia kwamba ulilisema kwa sauti ndogo mno, watu wa viti vya tatu hawakulipata, na padre mwenyewe alitaka ulirudie.

Mimi nililisikia.

Mjomba wako,
Ladislaus